Pudini ya Krismasi: masharti ya uongo na machache yaliyo ya kweli

Kila Desemba inapokaribia, wapishi wengi wa nyumbani huifikiria pudini ya Krismasi ya Kiingereza, kisha huiacha kabla hata hawajapima unga. Wameambiwa kwamba ilipaswa kuanza kutengenezwa miezi kadhaa nyuma, kwamba haiwezekani bila pombe, kwamba lazima iwe na viungo kumi na vitatu, na kwamba asiye na mafuta ya ng'ombe asijisumbue. Mengi ya hayo si kweli. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba masharti ya uongo yamewazuia watu kujaribu, huku yale machache ya kweli, ambayo ndiyo yanayoamua kama pudini itaiva au itaharibika, yakipitwa kwa haraka kana kwamba hayana uzito.

Kwanza tuelewane kuhusu chakula chenyewe. Kwa wengi wetu neno pudini huleta picha ya kitu laini kinachotikisika kwenye sahani, ndugu wa kastadi. Pudini ya Krismasi haifanani na hicho. Ni mchanganyiko mzito na mweusi wa matunda makavu, sukari, mafuta, mayai, chenga za mkate na viungo, unaofungwa ndani ya bakuli, ukapikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa na kuliwa ukiwa wa moto.

Jina lake la zamani, pudini ya plamu, limezaa dhana ya kwanza, kwamba ndani yake kuna plamu. Katika Kiingereza cha karne ya 17 neno hilo lilitumika pia kwa zabibu kavu na matunda makavu mengine, na zabibu ndizo zilizokusudiwa. Wengine huamini kwamba ina nyama. Hilo lina mzizi wa kweli, kwa kuwa mababu wa chakula hiki walikuwa uji mzito wa nyama, matunda makavu, mkate, viungo na mvinyo. Nyama iliondoka kidogo kidogo katika karne zilizofuata, yakabaki mafuta tu.

Historia yake nayo imejaa hadithi. Inayorudiwa zaidi husema kwamba Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Uingereza wenye msimamo mkali, waliipiga marufuku mwaka 1664, kisha Mfalme George wa Kwanza akairudisha mezani katika Krismasi ya 1714. Mwaka huo wa kwanza peke yake unatosha kuivunja hadithi hiyo. Bunge lililotawaliwa na Wapuritani lilifuta sikukuu ya Krismasi mwaka 1647, lakini ufalme ulirudishwa mwaka 1660 chini ya Charles wa Pili, kwa hiyo kufikia 1664 hapakuwa na serikali ya Wapuritani ya kupiga marufuku chochote. Kuhusu Mfalme George, hakuna kumbukumbu ya zama zake inayomtaja akiagiza pudini hiyo.

Sasa tuje kwenye dhana inayowaumiza wapishi, kwamba kuna kanuni moja ya asili yenye viungo kumi na vitatu, kwa ajili ya Yesu na mitume wake kumi na wawili. Mwandishi wa mapishi Eliza Acton, katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1845, alitoa maelezo ambayo hutajwa kuwa ya kwanza kuchapishwa chini ya jina la pudini ya Krismasi. Vipimo vyake kwa gramu ni takriban hivi: unga 85, chenga laini za mkate 85, mafuta ya figo ya ng'ombe 170, zabibu kavu zilizotolewa kokwa 170, zabibu ndogo nyeusi 170, tufaa lililokatwakatwa 115, sukari 140, na ganda la chungwa lililopikwa kwa sukari 55. Juu ya hivyo aliongeza nusu kijiko cha chai cha kungumanga iliyochanganywa na basibasi, chumvi kidogo sana, glasi ndogo ya brandi na mayai matatu. Ukihesabu kungumanga na basibasi kila kimoja peke yake utapata kumi na tatu, lakini katika maelezo hayo hakuna neno lolote juu ya mitume.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Mwaka 1927 Bodi ya Masoko ya Dola ya Uingereza ilisambaza maelezo ya pudini yaliyotoka kwa mpishi wa Mfalme George wa Tano, kwa nia ya kuwahimiza watu wa Uingereza wanunue mazao ya makoloni. Viungo vilizidi kumi na vitano, na kila kimoja kiliandikiwa mahali pa kununuliwa: ramu ya Jamaica, mdalasini wa Ceylon (Sri Lanka ya leo), mafuta ya ng'ombe ya New Zealand, na karafuu ya kusaga ya Zanzibar. Mtu wa Pemba au Unguja anayetia karafuu katika pudini hii hana sababu ya kujiona anagusa chakula cha wageni, kwa sababu jasho la mashamba yale lilikuwamo ndani ya bakuli hilo tangu zamani. Kilicho muhimu katika mifano yote miwili ni kwamba idadi hubadilika, na mapishi hayaharibiki kwa sababu hiyo.

Kuhusu muda wa kupika, vitabu vingi vya leo hudai saa nane, na watu huichukua hesabu hiyo kama sheria ya mababu. Acton aliifunga pudini yake katika kitambaa kilichopakwa unga mwingi na kuichemsha kwa saa tatu na nusu. Tofauti haitokani na ukubwa peke yake. Saa za ziada huleta rangi na ladha, kwa kuwa sukari na protini hugeuka kahawia polepole sana katika joto la mvuke ambalo halizidi nyuzi 100. Kwa hiyo pudini ya saa nne huwa imeiva na inafaa kuliwa, ila huwa na rangi hafifu kuliko ya saa nane. Anayetaka weusi bila kuunguza mkaa mwingi atumie sukari guru badala ya sukari nyeupe, aongeze tende zilizopondwa, na ataona tofauti.

Hapa wapishi wa nyanda za juu waongeze jambo ambalo vitabu vya Uingereza havilitaji. Jijini Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala si 100, na mvuke wake ni wa joto hilohilo. Pudini ya Nairobi inahitaji muda mrefu kuliko ya Mombasa hata kama vipimo ni vilevile. Sufuria ya presha humaliza tatizo hilo, mradi nusu saa ya kwanza mvuke uachwe utoke bila presha ili mchanganyiko upate nafasi ya kuumuka kidogo, kisha presha ifungwe kwa saa mbili au tatu.

Masharti ya kweli ya upikaji wenyewe ni machache, nami nayashikilia bila kulegeza. Bakuli lisijazwe hadi ukingoni. Lifunikwe kwa karatasi ya kuokea na foili juu yake, zote zikiwa na mkunjo katikati, kwa sababu pudini hupanda na kifuniko kilichokazwa kabisa hupasuka, kisha kifungwe kwa uzi chini ya ukingo ili maji yasipenye. Liwekwe juu ya kisahani ndani ya sufuria, na maji yanayochemka yafike nusu ya kimo chake. Maji yanapopungua huongezwa yanayochemka, kamwe si ya baridi, kwa kuwa ya baridi husimamisha mvuke na huweza kupasua bakuli la udongo au la kioo. Pudini nyingi zinazotoka na tope chini zilifungwa vibaya, na nyingi zilizoungua ni za mpishi aliyesahau kuongeza maji.

Dhana nyingine ni kwamba mafuta yoyote yatafanya kazi sawa. Mafuta yanayozunguka figo za ng'ombe, ambayo huitwa shahamu, huyeyuka kwenye nyuzi 45 hadi 50, wakati siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 na mafuta ya nazi kwenye nyuzi 24 hivi. Kwa kuwa shahamu huchelewa, mchanganyiko huanza kushikana kabla haijayeyuka, na kila punje yake ikiyeyuka huacha kijitundu. Vijitundu hivyo ndivyo vinavyofanya pudini nzito isiwe kama tofali. Yeyote mwenye bucha anayo na mara nyingi huiuza kwa bei ndogo. Kinachobaki ni kutoa utando, kuigandisha na kuikwaruza pamoja na unga kidogo. Lakini si kweli kwamba asiyetaka shahamu hana la kufanya. Siagi iliyogandishwa kwenye friza na kukwaruzwa ingali ngumu hutoa pudini nzuri, laini zaidi na yenye ladha ya maziwa. Mafuta ya nazi yaliyogandishwa pia yanafaa, ila kwa joto la Pwani lazima yachanganywe haraka na bakuli liende jikoni papo hapo, vinginevyo yatajikusanya chini.

Suala la pombe linahitaji uangalifu kuliko yote, kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili hawaitumii, wawe Waislamu walioalikwa na jirani au Wakristo ambao makanisa yao huikataa. Wapo wanaoambiwa wasijali, kwamba moto huimaliza yote. Si kweli. Kwa mujibu wa takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichomwagiwa pombe na kuwashwa moto hubaki na takriban asilimia 75 ya kileo hicho, na hata kilichopikwa kwa saa mbili na nusu hubaki na asilimia 5 hivi. Mwenyeji mwaminifu atamwambia mgeni wake kilichomo, amwachie uamuzi. Dhana iliyo kinyume chake, kwamba bila brandi hakuna pudini, nayo ni potofu. Kazi kubwa ya kimiminika hicho ni kulainisha matunda makavu na kuyapa harufu, na kazi hiyo hufanywa vizuri na chai ya rangi iliyokolea iliyochanganywa na maji ya chungwa, matunda yakilala humo usiku mzima. Mimi huongeza iliki kidogo, ingawa Acton hakuitia, na sijaona sababu ya kuacha.

Tofauti ya kweli kati ya pudini ya pombe na isiyo nayo iko katika kuihifadhi, na hapo ndipo penye hatari kwetu. Vitabu vya Uingereza huagiza pudini iwekwe mahali penye baridi na giza, kabatini, hadi Krismasi. Mahali hapo ni chumba cha Novemba ya Ulaya. Kabati la Dar es Salaam katika mwezi wa Desemba, lenye joto la nyuzi 30 na unyevu mwingi, ni mahali pa kuotesha ukungu, hata kwa pudini yenye brandi. Sukari nyingi na matunda makavu huilinda kwa kiasi, lakini tufaa, karoti au maji ya chungwa hupunguza ulinzi huo. Kwa hiyo pudini ikishapoa kabisa ifungwe upya kwa karatasi kavu na kuwekwa kwenye friji, na isiyo na pombe inayotakiwa kukaa zaidi ya siku chache iwekwe kwenye friza.

Na wala haihitaji kukaa miezi. Waanglikana wa Uingereza wamezoea kuikoroga Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kipindi cha kanisa cha kujiandaa kwa Krismasi, yaani wiki nne au tano kabla ya sikukuu. Sala ya siku hiyo, iliyomo katika Kitabu cha Sala cha 1549, inamwomba Mungu aamshe mapenzi ya waamini wake, na neno lake la kuamsha katika Kiingereza ndilo hilohilo la kukoroga. Watu walilihusisha na sufuria zao. Sala yenyewe haisemi lolote juu ya chakula. Wiki kadhaa hutuliza ukali wa viungo, lakini pudini iliyopikwa siku tatu kabla ni tamu na haina aibu yoyote.

Kuhusu sarafu inayofichwa ndani kwa ajili ya bahati, nasema kwa ufupi: mtoto anaweza kukabwa, na chuma hakifai kuingia kwenye maikrowevu. Wekeni lozi moja nzima mahali pake kwa wakubwa, na watoto wadogo wapewe vipande vilivyokaguliwa.

Wapo pia wanaodharau pudini mbadala kwa kusema si ya kweli. Uingereza yenyewe, sukari ilipokuwa ya mgao kuanzia Januari 1940 hadi Septemba 1953, familia nyingi zilikwaruza karoti na viazi ndani ya pudini ili kupata utamu na uzito, na hakuna aliyewaambia kwamba hawakusherehekea. Australia, ambako Krismasi huangukia katika kiangazi, wengi huchanganya matunda na viungo hivyohivyo katika aiskrimu na kuigandisha ndani ya bakuli, njia ambayo ingefaa sana Tanga au Lamu. Asiyekula ngano atumie unga wa ulezi, ambao hauna gluteni na una rangi inayoendana na pudini, na badala ya chenga za mkate atie lozi za kusaga. Maembe na mananasi makavu ya Uganda yanachukua nafasi ya maganda ya chungwa bila shida, mradi yakatwe madogo.

Siku ya kula, pudini hupashwa kwa mvuke saa mbili hivi, na ile ya friza iyeyuke kwanza ndani ya friji. Kinachobaki wengi hukitupa wakidhani hakipashiki mara nyingine. Kiwekeni kwenye friji, na asubuhi ya tarehe 26 kikateni vipande vinene, mkikaange kwa siagi kidogo hadi kingo ziwe ngumu na sukari ianze kunata kwenye kikaango.