Kabla Hujachagua Nchi: Kusoma Saikolojia Ugenini

Wanafunzi wa shahada ya kwanza ya saikolojia wanaokuja kuniuliza habari za kusoma nje huanza na nchi. Mimi huanza na takwimu: siku ya kuondoka utakuwa umefikia kozi ipi? Nafundisha mbinu za utafiti, na kila mwaka hupitia mikataba ya masomo ya wanaokwenda muhula mmoja au mwaka mzima katika chuo cha nje kisha wakarudi kumalizia shahada. Nataka waende, na nataka warudi bila pengo.

Sababu ya kwenda imo ndani ya fani yenyewe. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alichambua majarida sita ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, akakuta asilimia 96 ya washiriki wa tafiti walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina takribani asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Mengi tunayoyafundisha kama tabia ya binadamu yamepimwa kwa watu wachache.

Chukua mfungamano wa mtoto na mlezi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliuchunguza Uganda miaka ya 1950, akiwatembelea akina mama na watoto majumbani mwao. Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, yeye na wenzake walibuni jaribio la Hali Ngeni. Mtoto wa karibu mwaka mmoja yuko na mama katika chumba chenye vitu vya kuchezea. Mgeni anaingia, mama anatoka, kisha anarudi. Kinachoangaliwa hasa si kilio cha kuachwa bali dakika ile ya mama kurudi: mtoto anamfuata akatulia, anampa mgongo, au anamng'ang'ania huku akimsukuma? Jaribio lilipofanyika Bielefeld, Ujerumani, watoto wengi walimpa mama mgongo. Sapporo, Japani, waliong'ang'ania na kulia walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na watoto wa pale hawakuzoea kuachwa na mama zao.

Somo hilo hubadilika kabisa unapolisoma darasani pamoja na watu waliolelewa tofauti na wewe. Mmoja atauliza kwa nini kumpa mama mgongo kuhesabiwe kama mfungamano usio salama, wakati kwao mtoto anayejitegemea ndiye anayesifiwa. Swali kama hilo ni la thamani kubwa, na ni gumu kulipata ukiwa kwenu. Ila lina mpaka. Mwaka 1988 van IJzendoorn na Kroonenberg walikusanya matokeo ya Hali Ngeni kutoka nchi 8, wakakuta tofauti ndani ya nchi moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya nchi na nchi. Kwa hiyo mwanafunzi akirudi na ripoti inayoanza na "watu wa kule wako hivi", namrudishia aiandike upya.

Sasa takwimu. Kozi hizi hupandana: majaribio ya t (kulinganisha wastani wa makundi mawili), kisha anova (makundi matatu au zaidi), kisha rigresheni (kukadiria kitu kimoja kutokana na vingine), na bila hizo tasnifu inayotumia takwimu haiendi. Vyuo havizipangi katika mihula ileile, na jina la kozi halitoshi. Niliketi na mwanafunzi mmoja tukalinganisha silabasi mbili wiki kwa wiki. Zote ziliitwa Mbinu za Utafiti II. Yetu ilikuwa rigresheni karibu nusu ya muhula. Ya kule ilikuwa usaili na uchambuzi wa mada, kozi nzuri sana, lakini rigresheni haikuwamo hata wiki moja. Tuliiweka kama kozi ya hiari, naye akaahirisha safari kwa muhula mmoja amalize takwimu kwanza.

Krediti zenyewe, yaani vipimo vya uzito wa kozi, si ngumu. Vyuo vya Ulaya huhesabu 60 kwa mwaka, yaani 30 kwa muhula, na ofisi ya masomo ya chuo chako itakuwa na jedwali la kulinganisha. Swali zito ni ithibati, yaani shahada yako kutambuliwa na chama cha taaluma. Chama cha Saikolojia cha Uingereza, kwa mfano, hutaka shahada inayotambuliwa iguse saikolojia ya kibiolojia, ya utambuzi, ya makuzi, ya jamii, tofauti za mtu na mtu, pamoja na mbinu za utafiti. Kozi ya ugenini ikichukua nafasi ya mojawapo, iwe inafundisha hilo kweli, na upate kibali cha maandishi kabla ya kusafiri.

Kuhusu kuzoea, wengi wamesikia kwamba mgeni huanza kwa furaha kisha huporomoka. Wazo hilo linatokana na utafiti wa Lysgaard wa 1955 kuhusu Wanorwe waliokuwa Marekani. Colleen Ward na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani waliokwenda New Zealand, na mwaka 1998 wakaripoti kwamba ugumu ulikuwa mkubwa zaidi mwanzoni kabisa. Ndiyo maana nashauri ufike kabla ya masomo kuanza, na usijaze wiki za kwanza kazi nzito.

Kama unataka kukusanya data ya tasnifu ukiwa huko, anza mapema kuliko unavyodhani. Uliza kamati ya maadili ya chuo chako na ya chuo mwenyeji kama zote mbili zinahitaji kuidhinisha mradi, na usimguse mshiriki hata mmoja kabla ya kibali kutoka. Data iliyokusanywa bila kibali siwezi kuipokea, hata iwe nzuri kiasi gani.