Kabla Hujaitia Tupa Bunduki ya Kale ya Jeshi

Mwenye bunduki ya zamani ya jeshi, iwe Mauser, Lee-Enfield au SKS, akitaka kuibadilisha ajiulize kwanza kama ataweza kuirudisha ilivyokuwa. Marekani, ambako masalio haya ya vita hununuliwa na raia kwa wingi, bei na sheria vyote vimeegemea umbo la asili.

Kanuni za shirikisho huihesabu silaha kuwa ya kumbukumbu ikitimiza miaka 50 tangu itengenezwe, mradi isiwe nakala iliyoigizwa. Iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo ni antiki, na hiyo ina masharti yake. Mkusanyaji anaweza kuomba leseni ya aina ya 03, ambayo ni dola 30 kwa miaka 3, akanunua silaha za kumbukumbu kutoka majimbo mengine bila kupitia dukani. Leseni hiyo si ya biashara, na kila silaha inayoingia au kutoka lazima iandikwe daftarini.

Wengi hunaswa kwenye SKS, bunduki ya nusu otomatiki yenye asili ya Kisovieti. Tuchukue M59/66 ya Yugoslavia: magazini ya risasi 10 iliyofungwa mwilini, singe ya kukunja, na kifaa cha kurushia guruneti mdomoni mwa mtutu. Ikikaa hivyo ni kumbukumbu. Mwenyewe akiweka magazini ya kuchomoa na kitako cha plastiki chenye mshikio wa bastola, hadhi hiyo inapotea, na hapo anakutana na kifungu cha 922(r).

Kifungu hiki cha mwaka 1990 kilikuja baada ya serikali kuzuia, mwaka 1989, uingizaji wa bunduki nyingi za nusu otomatiki zenye sura ya kivita. Kinakataza kuunganisha, kwa vipuri vya kigeni, bunduki ya aina ambayo isingeruhusiwa kuingizwa. Kanuni imeorodhesha vipuri 20, na vya kigeni visizidi 10. Risiva (mwili wa chuma unaobeba sehemu nyingine), mtutu, bolti (kipande kinachofunga chemba nyuma ya risasi), pistoni ya gesi, nyundo, kifyatuo na kitako vimo. Magazini peke yake ni vipuri vitatu: mwili, kisukuma risasi na kifuniko cha chini. Kwa hiyo aliyefikisha hesabu kwa magazini ya Marekani, kisha akachomeka ya kigeni, ameivuruga hesabu yote. Bunduki za kukokwa kwa mkono, kama Mauser 98 na Lee-Enfield, hazihusiki na kifungu hiki, ingawa utasikia mafundi wa mitaani wakisema vinginevyo.

Majimbo nayo yana yao. California, kwa mfano, huitaja SKS yenye magazini ya kuchomoa kwa jina miongoni mwa silaha za kivita zilizopigwa marufuku.

Kuhusu kukata mtutu: usishuke chini ya inchi 16, na bunduki nzima isipungue inchi 26. Chini ya hapo unaingia kwenye sheria ya mwaka 1934, inayotaka kibali na usajili kabla msumeno haujagusa chuma. Urefu hupimwa bolti ikiwa imefungwa, kuanzia uso wa bolti hadi mdomo wa mtutu. Hakikisha kwanza kuwa chemba ni tupu, ingiza kijiti kikae kwenye uso wa bolti, weka alama, kitoe ukipime. Usipime kwa nje.

Tukija kwenye chuma chenyewe, ndiko makosa yasiyofutika yanakotokea. Mpini wa bolti ya Mauser ukipashwa moto ili ukunjwe usigonge darubini ya kulengea, joto husafiri hadi sehemu zilizotiwa ugumu na kuzilainisha. Msasa kwenye kitako unafuta mihuri ya ukaguzi, na mihuri hiyo ndiyo historia yake. Tundu la darubini kwenye risiva halizibiki likapotea.

Springfield ya mwaka 1903, bunduki ya jeshi la Marekani, inahitaji tahadhari zaidi. Risiva za kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000, na za kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507, huenda zilichomwa kupita kiasi zilipofuliwa. Wahunzi walikisia joto kwa rangi ya chuma, na rangi hiyo haionekani sawa siku ya jua na siku ya mawingu. Chuma kilichozidishiwa moto huwa kama kigae. Badala ya kupinda, hupasuka. Kuiwekea mtutu mpya hakuiponyi. Ibaki ukutani.

Kubadilisha bolti nako si kama kubadilisha bolti ya baiskeli. Nafasi ikizidi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi, ganda hunyooshwa, hukatika karibu na kitako, na gesi ya moto hurudi usoni kwa mpigaji. Lee-Enfield No. 4 ilitengenezewa vichwa vya bolti vya namba 0 hadi 3 kwa ajili ya kurekebisha nafasi hii. Fundi mwenye leseni ataipima kwa geji. Kuiona "inafunga vizuri" si kipimo.

Ukilazimika kuweka darubini, tafuta kishikio kinachotumia matundu na skrubu zilizopo. Kitako kipya unaweza kukiweka ukipenda, lakini kile cha zamani kipake mafuta ya kitani kidogo, kihifadhi pakavu. Skrubu, singe na bamba zilizotolewa zitie kwenye mfuko mmoja wenye namba ya bunduki. Siku ya kuuza, mnunuzi ataulizia mfuko huo kabla ya kuulizia bei.

Na kwa msomaji anayefikiria kurudi nayo nyumbani: leseni ya Marekani haivuki mpaka. Kenya na Tanzania zina sheria zao za silaha, na kibali hutafutwa kabla ya kusafirisha, siyo bandarini.