Maji Maangavu, Madhara ya Baadaye: Maswali na Majibu

Maji yetu ni maangavu na hayana harufu. Kuna haja ya kuyatilia shaka?

Ipo. Kemikali kama aseniki, floraidi na nitrati zikiyeyuka kwenye maji hazionekani kwa macho, na kwa viwango vinavyodhuru kwa kawaida huwezi kuzionja. Vimelea vya kipindupindu navyo havionekani. Tofauti ni kwamba kipindupindu hujitangaza ndani ya saa au siku chache, ilhali aseniki inaweza kukaa kimya miaka 20.

Si tunachemsha?

Chemsheni, tena msiache. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja (dakika tatu nyanda za juu sana) bakteria, virusi na vimelea vingine hufa. Katika hilo moto unashinda hata klorini, dawa ya kutibu maji, ambayo haimwezi kimelea kiitwacho Cryptosporidium. Mwaka 1993 kimelea hicho kilipita kwenye mtambo wa maji wa jiji la Milwaukee, Marekani, na watu wanaokadiriwa kufika 400,000 wakaugua.

Lakini kemikali haziuawi. Maji yanapopungua kwa mvuke, kemikali hubaki sufuriani, kwa hiyo kuchemsha muda mrefu kunaziongeza makali. Watu wengi, wakiwemo wasomi, hawalijui hili.

Zinadhuru vipi?

Inategemea kemikali na umri wa mnywaji. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto huota yakiwa na madoa. Ikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa. Madini ya risasi kutoka kwenye mabomba chakavu huathiri ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Nitrati, ambayo hutoka hasa kwenye mbolea na vyoo, ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo: damu hushindwa kubeba oksijeni, midomo ikageuka buluu. Huyo apelekwe hospitali papo hapo.

Mtafiti anajuaje kuwa ugonjwa ulitokana na maji, si kitu kingine?

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa uzamili hukwama. Anayekunywa maji mabaya huenda pia anavuta sigara, anakula vibaya, au amehama mara tatu. Kupima maji ya leo hakukuambii alikunywa nini utotoni. Mkojo huonyesha aseniki ya siku chache zilizopita; kucha huonyesha ya miezi kadhaa. Zaidi ya hapo mtafiti hutegemea kumbukumbu za visima na historia ya makazi.

Mara chache historia yenyewe hufanya jaribio. Jiji la Antofagasta, Chile, lilianza mwaka 1958 kunywa maji ya mito yenye aseniki zaidi ya mikrogramu 800 kwa lita. Kiwango cha sasa cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Mtambo wa kuiondoa ulifunguliwa mwaka 1970. Kwa kuwa tarehe zote mbili zinajulikana, watafiti waliweza kufuatilia vifo: saratani za mapafu na kibofu cha mkojo ziliendelea kuua kwa wingi miongo kadhaa baada ya maji kusafishwa. Kwa maoni yangu, utafiti wa miaka miwili usioona wagonjwa haujathibitisha kwamba maji ni salama.

Basi visima vya bomba ndilo jibu?

Si lazima. Bangladesh ilichimba mamilioni ya visima hivyo kuwaepusha watu na maji machafu ya madimbwi yaliyoleta kuhara. Miaka ya 1990 ikabainika kuwa vingi vilikuwa na aseniki itokayo kwenye udongo wenyewe.

Tupime nini kwanza?

Bakteria wa kinyesi, E. coli: katika mililita 100 asipatikane hata mmoja. Kisha aseniki, floraidi na nitrati, kabla kisima hakijaanza kutumika. Sampuli ya bakteria iwekwe kwenye chupa iliyotakaswa, ihifadhiwe kwenye ubaridi, ifike maabara ndani ya saa 24. Ikichelewa, msiamini majibu yake, chukueni nyingine.