Mkataba wa Mérida haumwachi mtoa hongo wa kigeni

Kuna kauli imenichosha. Naisikia redioni asubuhi nikiwa kwenye foleni ya Morocco hapa Dar es Salaam, naisikia kwenye makongamano pale Mlimani, na wiki hii imeandikwa na wakili mwenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp: "Mikataba hii ya rushwa wakubwa waliiandika ili mpokeaji wa Kiafrika afungwe, mtoaji wa Kizungu aende zake." Wengi wakamuunga mkono, na ni watu wa sheria. Kazi yangu ni kuandaa misimamo ya wajumbe wa Tanzania kwenye majadiliano ya mikataba, kukaa chumbani ibara zinapovutaniwa, kisha kurudi nyumbani kusaidia kuandika sheria. Siwezi kunyamaza.

La kwanza nalipita haraka. Mkataba haumpeleki mtu jela, unaibana nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa ulipitishwa na Baraza Kuu Oktoba 31, 2003, ukafunguliwa kusainiwa Mérida, Mexico, Desemba mwaka huohuo, ndiyo maana nauita Mkataba wa Mérida. Tanzania ilisaini hukohuko, ikauridhia 2005, na mwaka 2007 Bunge likatunga Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Anayepandishwa kizimbani Kisutu leo anashtakiwa kwa sheria hiyo ya 2007. Mkataba hautajwi kwenye hati ya mashtaka.

Sasa hili linaloniudhi. Fungua Ibara ya 15, inayohusu ofisa wa umma wa nchi yako mwenyewe. Anayeahidi au kutoa na anayeomba au kupokea, wote wawili nchi ni lazima iwafanye wahalifu. Hakuna hiari hapo. Geukia Ibara ya 16, ofisa wa umma wa nchi ya kigeni. Aya ya kwanza: anayemuahidi au kumpa ofisa wa kigeni hongo ili apate au asipoteze biashara ya kimataifa, ni lazima. Aya ya pili: ofisa huyo wa kigeni anayeomba au kupokea, nchi inatakiwa ifikirie tu kama itamwekea kosa. Basi niambieni, aliyeachiwa mlango hapo ni nani? Ni mpokeaji. Mtoaji amebanwa pande zote mbili: nchini kwake na nchini kwetu. Na mkataba wa hongo wa 1997 wa OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi, ambao kweli uliandikwa na nchi tajiri, haumgusi mpokeaji kabisa. Wote unamhusu mtoaji.

Kwa nini mpokeaji wa kigeni aliachwa kwenye hiari? Si kwa huruma. Ni kwa sababu hakuna serikali, kubwa wala ndogo, inayotaka waziri wake ahukumiwe kwenye mahakama ya nchi nyingine. Tukishika kiti chenye jina la Tanzania tunalinda mamlaka ya nchi yetu kama wengine wote wanavyolinda ya kwao. Kinga za viongozi, kinga za wanadiplomasia, hofu ya kesi za kisiasa, vyote vilikuwa mezani Vienna katika vikao saba vya kamati ya majadiliano, kuanzia Januari 2002 hadi Oktoba 2003. Hoja iliyobaki ni kwamba ofisa huyo tayari anashikwa na Ibara ya 15 akiwa nyumbani kwake. Mimi naiona ni hoja nzuri pale ambapo nyumbani kwake kuna mwendesha mashtaka asiyeogopa. Pale ambapo hayupo, ofisa huyo hana wa kumgusa, na waliokaa vyumba vile walilijua hilo.

Wasiowahi kukaa chumba cha majadiliano hudhani lugha laini ni uzembe. Sivyo. Rasimu inakuja imejaa mabano. Kila maneno yaliyo ndani ya mabano kuna nchi imeyakataa, au imeyapendekeza na nyingine hazijayakubali. Saa kumi na mbili jioni wakalimani wanaondoka, wajumbe wachache wanahamia chumba kidogo, na hapo Kiingereza peke yake kinatawala, jambo ambalo nchi zinazozungumza Kifaransa na Kiarabu hulilalamikia kwa haki kabisa. Mjumbe mmoja anakubali kutoa mabano yake kwenye ibara ya urejeshaji mali, mwingine naye analegeza kwenye ibara ya kampuni. Nchi haisemi "nimeshindwa". Inasema itarudi kuomba maelekezo kutoka makao makuu, na wote mnaelewa maana yake. Hivyo ndivyo makosa kadhaa yalivyoishia kwenye hiari: kuuza ushawishi, hongo ndani ya sekta binafsi, na utajiri usioelezeka. Hili la mwisho nchi za Magharibi ndizo zilizoliwekea ugumu, kwa hoja ya mtuhumiwa kudhaniwa hana hatia. Sisi tumelichukua: kifungu cha 27 cha sheria yetu kinamtaka mtumishi aeleze mali iliyopita kipato chake. Nakiunga mkono, lakini sijatulia moyoni. Anayelazimishwa kueleza leo anaweza kuwa mtu aliyemkera mkubwa jana.

Jambo jingine linalopotoshwa ni ile hela ya kusukuma faili. Watu husema mikataba inaruhusu malipo madogo. Maelezo yanayoambatana na mkataba wa OECD yaliyaacha nje malipo madogo ya kuharakisha huduma, ni kweli, ingawa tangu 2009 jumuiya hiyo inazihimiza nchi ziyakatishe tamaa. Mkataba wa Mérida hauna mlango huo. Karani wa bandarini akipewa chochote ili agonge muhuri ambao alikuwa na wajibu wa kuugonga hata hivyo, Ibara ya 15 imetimia, kwa sababu inazungumzia kutenda au kutotenda kazi yake, halali au haramu. Imetimia hata kama kilichotoka ni ahadi na hela haijaonekana. Imetimia hata kama hongo imepita kwa wakala wa forodha ikaishia kwa shemeji yake karani. Maneno "moja kwa moja au kupitia mwingine" na "kwa ajili yake au ya mwingine" yaliwekwa kwa sababu hongo kubwa karibu zote hupita kwa wakala.

Na rada je? Najua mtaniuliza. Tulinunua rada ya BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28, wakala wa hapa akalipwa dola milioni 12.4, na Desemba 2010 mahakama ya London ikaitoza kampuni faini ya pauni 500,000 kwa kosa la kutotunza hesabu sawasawa. Halikuwa kosa la hongo. Pauni milioni 29.5 zikaja kwetu, watu wakaziita chenji ya rada, zikanunua vitabu na madawati. Wenzangu wanautumia mfano huu kuthibitisha kwamba mkataba unambeba Mzungu. Lakini kampuni ilikubaliana na wachunguzi ikiri kosa dogo, na hayo yalikuwa maamuzi ya waendesha mashtaka wa Uingereza. Mkataba wa Mérida ulianza kufanya kazi Desemba 2005, rada ikiwa imeshanunuliwa. Pelekeni hasira mahali pake.

Uingereza ilipata Sheria ya Hongo ya 2010, na tazama tofauti: Novemba 2015 Standard Bank ilibanwa kwa kushindwa kuzuia hongo, baada ya benki dada yake ya hapa kuilipa kampuni moja ya Kitanzania dola milioni 6 kuhusiana na mkopo wa serikali wa dola milioni 600. Fedha zile tulirudishiwa na riba. Hata hivyo yalikuwa makubaliano ya kuahirisha mashtaka, na kampuni haikutiwa hatiani.

Ninachokitilia shaka hasa ni Ibara ya 5 ya mkataba wa OECD. Inakataza uchunguzi kuyumbishwa na maslahi ya uchumi wa nchi au uhusiano wake na nchi nyingine. Mwaka 2006 Uingereza ilisimamisha uchunguzi wa BAE na Saudi Arabia kwa kutaja usalama wa taifa, na 2008 mahakama yao ya juu ikakubali. Februari 2025 Rais wa Marekani alisitisha kwa siku 180 utekelezaji wa sheria yao ya 1977 inayokataza kuwahonga maofisa wa kigeni, iliyokuwa mama wa haya yote. Nchi hiyohiyo, Desemba 2023, ilikuwa imetunga sheria ya kumshtaki ofisa wa kigeni anayedai hongo, ile hiari ya aya ya pili ya Ibara ya 16 ya Mérida. Ikifika siku wanamtaka ofisa wetu kwa sheria hiyo, nitaambiwa niandike msimamo wa Tanzania. Ningetaka TAKUKURU, taasisi yetu ya kupambana na rushwa, imshtaki kwanza, hapa, kwa sheria yetu ya 2007, kama Ibara ya 15 inavyotaka. Kama hapa hapatakuwa na jalada lolote, sijui nitaandika nini.