Kwenda Thailand kujifunza Muay Thai: yanayosemwa na yaliyopo

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu safari hii wameshaiona kambi ya Muay Thai, ngumi za Kithai zinazotumia pia mateke, magoti na viwiko, kwenye simu zao. Mtu anapiga mgomba mateke mpaka unaanguka, mzee asiyecheka anapita na fimbo, mvua inanyesha, muziki wa huzuni unalia. Swali lao huwa moja: "Watanivunja?"

Hapana. Kinachowarudisha watu nyumbani mapema ni joto, choa, shingo na mambo ya viza, na hayo hayapendezi kwenye video. Kubwa zaidi, ambalo mgeni huchelewa kulitambua, ni kwamba kambi ile ni kazini kwa watu. Hawamfanyii maigizo.

"Lazima uue mishipa ya ugoko kwanza, kwa chupa au mgomba"

Bondia wa Kithai ana ugoko mgumu kwa sababu amelipiga teke begi zito kila siku tangu akiwa na miaka minane au tisa. Mfupa unaopokea mzigo kidogo kidogo kwa miaka mingi hujijenga wenyewe. Kusugua chupa juu yake kunaumiza ngozi na utando wa mfupa, basi. Na mgomba? Mtu wa Bukoba hahitaji kuambiwa kwamba shina la mgomba limejaa maji na huanguka kwa panga butu. Ndiyo sababu linapendeza kwenye kamera.

Wiki ya kwanza kinachouma si ugoko bali nyayo. Unazunguka kwenye mguu mmoja juu ya mkeka wenye jasho, mara mia na zaidi kwa siku, na malengelenge yanatoka chini ya kidole gumba. Nenda na plasta za kutosha.

"Kule mazoezi ya kupigana ni vita"

Hapa ndipo wengi wanaotoka kwenye jimu zetu za ngumi hushangaa kuliko popote. Tumezoea kwamba siku ya kupimana nguvu watu wanatoka na midomo iliyopasuka, na kocha anafurahi. Kambini Thailand wanacheza. Teke linagusa mbavu na kurudi, aliyepigwa anacheka, anajibu kwa kisukumo cha mguu tumboni, wanaendelea. Sababu ni ya kifedha kabla ya kuwa ya kifalsafa: mtu anayepanda ulingoni kila baada ya wiki tatu au nne hawezi kuvunjwa pua bure siku ya Jumanne. Akiumia, hakuna pambano, na bila pambano hakuna kipato.

Mgeni anayeingia kwa nguvu zake zote kwa kawaida huachwa kidogo. Kisha linakuja teke moja lenye uzito kamili, ama la paja ama la mkono. Halafu mwenzake anatabasamu na kurudi kwenye mchezo. Ujumbe umefika.

Ugumu upo, ila umekaa kwingine. Siku huanza saa kumi na mbili asubuhi au kabla, kwa kukimbia kati ya kilomita tano na kumi, kisha kuruka kamba. Baadaye unapiga pedi, yaani mito migumu anayoivaa mwalimu mikononi, raundi kadhaa, unahamia kwenye begi, unamaliza na mazoezi ya tumbo. Unakula, unalala. Karibu saa kumi jioni unaanza upya, na hewa ni nzito kama ya Tanga mwezi wa Machi. Mwalimu anayeshika pedi hapigi kelele. Ukishusha mkono wa kushoto baada ya teke, anakupiga pedi ya shavu, taratibu, kila mara, mpaka mkono ujifunze kukaa juu.

Kisha kuna kukabana shingo. Mnasimama kifua kwa kifua, kila mmoja anatafuta kuweka mikono yake ndani ya mikono ya mwenzake, kumshika kisogo, kumvuta, kumpiga goti la ubavu, kumtegua aanguke. Kunaweza kwenda nusu saa bila mapumziko ya maana. Kijana wa kilo 55 atakugeuza wewe wa kilo 80 kila upande kwa sababu anajua uzito wako uko mguu gani kabla hujajua mwenyewe. Asubuhi yake unalazimika kuinua kichwa chako kutoka kwenye mto kwa mikono miwili. Watu huacha hapo, kimyakimya, wanasema wanakwenda kuona visiwa.

"Walimu ni wazee wenye siri za kale"

Mwalimu wako huenda akawa mtu wa miaka 35, bondia mstaafu, mwenye mapambano mengi kuliko anavyokumbuka. Uwezekano ni mkubwa kwamba ametoka Isan, ukanda wa kaskazini-mashariki unaolima mpunga, ambako watoto huanza kupigana kwenye sherehe za mahekalu kwa pesa kidogo. Jina lake la ulingoni linabeba jina la kambi iliyomlea, kama ukoo. Kwa desturi sehemu kubwa ya malipo ya pambano, mara nyingi nusu, hubaki kambini, kwa kuwa kambi ndiyo iliyomlisha na kumlaza. Sasa amestaafu, anashika pedi, anatuma hela nyumbani.

Hakuna siri anayokuficha. Samart Payakaroon, ambaye wengi humtaja kuwa fundi mkubwa kuliko wote wa zama za dhahabu za miaka ya 1980, alishika mikanda ya Lumpinee, uwanja maarufu wa Muay Thai jijini Bangkok, katika uzito wa aina nne, kisha mwaka 1986 akachukua mkanda wa dunia wa WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, kwenye ngumi za kawaida. Alichokuwa nacho ni macho, muda na miaka ya kurudia jambo lilelile. Hilo utafundishwa siku ya kwanza, na utaliona la kuchosha.

Ada za wageni sasa ndizo zinazobeba kambi nyingi. Zinalipa umeme, chakula cha mabondia, hata safari za watoto wanaokwenda kupigana mikoani. Kwa hiyo wewe ni mteja, na ni haki yako kudai mwalimu akutazame. Lakini kuna bondia pembeni mwenye pambano Ijumaa, na huyo atapewa mwalimu bora kabla yako. Mimi naona ni sawa kabisa.

Watoto ni habari nyingine, na sitaipamba. Sheria ya ngumi ya Thailand ya mwaka 1999 inaruhusu walio chini ya miaka 15 kupigana kwa ruhusa ya mlezi. Novemba 2018 mvulana wa miaka 13 alifariki kwa kuvuja damu ubongoni baada ya pambano, na mjadala wa kubadili sheria ukawaka. Wanaotetea wanasema pesa hizo ndizo ada ya shule. Madaktari wanasema ubongo wa mtoto haujui hesabu hizo. Utawaona watoto hawa kambini, wadogo, wakali, wachangamfu. Si maonyesho ya utalii, kwa hiyo iache simu mfukoni.

"Ile ngoma ya mwanzo ni ibada, Mwislamu au Mlokole hawezi kushiriki"

Swali hili hunijia zaidi kutoka Zanzibar na Mombasa, na linastahili jibu la uaminifu, si la juujuu. Kabla ya pambano bondia huzunguka ulingo akishika kamba ya juu, hupiga magoti katikati, huinama mara tatu, kisha hucheza ngoma ya polepole. Wanaiita wai khru ram muay. Msingi wake ni heshima kwa mwalimu, wazazi na waliotangulia. Muziki wake huchezwa papo hapo kwa matoazi madogo, ngoma mbili na zumari. Ndiyo, zumari, jamii ileile unayoisikia Lamu kwenye harusi.

Lakini kusema hakuna dini ndani yake si kweli. Kile kitanzi cha kichwani, mongkhon, huhesabiwa kuwa kitakatifu, hakiguswi ovyo wala hakiwekwi chini, na mwalimu ndiye anayekivisha na kukivua. Baadhi hubarikiwa na watawa wa Kibudha. Vitambaa vya mikononi navyo mara nyingi hubeba hirizi. Aliyekuambia ni mapambo tu amekudanganya kwa nia njema.

Hata hivyo, mikoa ya kusini kabisa ya Pattani, Yala na Narathiwat ina Waislamu wengi kuliko Wabudha, na mabondia Waislamu wapo tangu zamani. Wengine hupunguza, huacha kuinama, husimama kona yao na kuomba dua. Na wewe mwanafunzi wa kawaida huombwi lolote la namna hiyo. Unaunganisha viganja na kumsalimu mwalimu mwanzo na mwisho wa mazoezi, kama unavyompa shikamoo mkubwa wako. Kama hata hilo lina utata kwako, mweleze mapema.

Kwa wanaoswali, Phuket ina misikiti na chakula halali kwa urahisi. Nguruwe yumo katika vyakula vingi vya kambini, hivyo sema siku ya kwanza, usisubiri sahani.

"Wanawake hawaruhusiwi"

Wanaruhusiwa, na jimu zimejaa wanawake. Kilichokuwepo, na bado kipo sehemu fulani, ni mwiko kwamba mwanamke asipande ulingo wa wanaume, au aingie kwa kupita chini ya kamba ya mwisho wakati wanaume wanapita juu. Lumpinee, uwanja uliofunguliwa mwaka 1956, ulikubali pambano la kwanza la wanawake mwaka 2021 tu. Kambi nyingine zina ulingo mbili kwa sababu hiyo. Uliza kabla ya kulipa, na jibu likiwa la kuzungukazunguka, tafuta kambi nyingine.

"Nikikaa mwezi mmoja nitapigana Lumpinee"

Unaweza kupigana. Lumpinee, hapana. Rajadamnern, uwanja mwingine wa Bangkok uliofunguliwa mwaka 1945, na Lumpinee ndizo kileleni, na watu huzunguka mikoani miaka kabla ya kuitwa. Wageni wapya hupangiwa viwanja vidogo vya Phuket, Pattaya, Samui au Chiang Mai, mbele ya watalii. Mpinzani anaweza kuwa dereva wa teksi aliyestaafu ulingo zamani na aliyekuja kuchukua hela yake, au kijana mwenye mapambano mia aliyeandikwa kwamba ana kumi. Kinga yako ni mwalimu anayekujua, na mwezi mmoja hautoshi kumpa sababu ya kukujua.

Ukitazama, usihesabu ngumi. Kwenye pambano la jadi la raundi tano za dakika tatu, raundi mbili za mwanzo huwa kama salamu, wacheza kamari wakipima upepo jukwaani kwa ishara za vidole. Ya tatu na ya nne ndizo zinazoamua. Teke safi la mwilini na goti huthaminiwa kuliko ngumi isiyomtikisa mtu, na anayebaki wima, ametulia, hupewa pointi kuliko anayeyumba hata kama amerusha mengi. Ya tano mara nyingi aliye mbele anarudi nyuma na kucheza tu. Mgeni hulalamika kuwa ni wizi. Tangu 2023 Lumpinee ina pia mapambano ya Ijumaa ya raundi tatu na glovu ndogo, yaliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni za dunia. Huko kasi ni nyingine na ngumi zina thamani zaidi.

"Ukipata nauli, mengine yatajipa"

Nauli ndiyo sehemu rahisi. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza kabla ya kupanda ndege, na maombi sasa hufanyika mtandaoni. Viza iitwayo DTV, iliyoanza Julai 2024, inatambua mafunzo ya Muay Thai kuwa sababu halali: hudumu miaka mitano, siku 180 kila unapoingia. Inasikika tamu mpaka ufike kwenye sharti la kuonyesha baht 500,000 benki, zaidi ya dola 14,000 za Marekani. Kwa safari fupi, ya utalii inatosha wengi. Masharti hubadilika, soma tovuti ya ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi wiki ileile unayoomba.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka kwetu, na chanjo iwe imetimiza siku kumi kabla ya kufika. Kadi ya kununua uchochoroni itakuumbua uwanja wa ndege.

Bima nayo: nyingi za kawaida za safari zinakataa michezo ya mapigano, na zinakataa pikipiki kama huna leseni inayokubalika. Pikipiki ndiyo inayowalaza wanamichezo wengi hospitalini Phuket, si viwiko. Kuhusu ngozi, oga mara tu unapomaliza, usiazime taulo wala glovu, na kidonda kidogo chekundu chenye joto kipeleke kliniki siku hiyohiyo badala ya kukipaka mafuta ya kuchua.

Chiang Mai ni nafuu na tulivu, ila Februari hadi Aprili moshi wa mashamba yanayochomwa hujaa bondeni, na kukimbia asubuhi kunakuwa adhabu ya mapafu. Aprili 13 hadi 15 ni Songkran, mwaka mpya wao: walimu wamepanda mabasi kwenda kwao Isan, na kambi nyingi zimefungwa. Kabla ya kulipa mwezi mzima, uliza kama siku hizo zinafidiwa.