Kabla ya Theluji: Dhana Potofu Kuhusu Maandalizi ya Timu za Skii za Nyika Katika Vyuo vya Marekani

Mbio za skii za nyika, yaani za kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu na fimbo, kupanda na kushuka vilima, zina msimu mfupi sana wa mashindano katika vyuo vya Marekani. Timu za kaskazini mashariki, kama vile Dartmouth, Middlebury, Vermont na New Hampshire, hushindana wikiendi za Januari na Februari, kisha wachache waliofuzu huenda Machi kwenye ubingwa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Huko, kila chuo huingiza wanamichezo wasiozidi 12, wa nyika na wa mteremkoni, wanawake kwa wanaume, na pointi zao hujumlishwa pamoja. Kwa kuwa watu huwaona wanaskii hawa katika miezi hiyo tu, wengi hudhani kwamba Septemba, Oktoba na Novemba ni miezi ya kungoja. Naona dhana hiyo si kosa dogo, kwa sababu vijana wanaojiunga na timu wakiwa wameiamini ndio ambao mara nyingi hufika Januari wakiwa wamechoka au wameumia.

“Bila theluji hakuna skii”

Ukipita kwa gari asubuhi ya Oktoba kwenye barabara za mashambani za Vermont, unaweza kuwakuta vijana waliovaa helmeti na vizibao vya rangi kali wakijisukuma kwa fimbo juu ya lami. Miguuni wana skii za magurudumu: kipande cha alumini au nyuzi za kaboni, kifupi kuliko skii ya theluji, chenye gurudumu la mpira mbele na jingine nyuma. Ziko za aina mbili, kwa sababu mbio zenyewe zina mitindo miwili. Zile za mtindo huru, ambao mwanaskii husukuma kwa pembeni kama mtu wa viatu vya barafu, zina magurudumu membamba yanayozunguka bila kizuizi. Zile za mtindo wa klasiki, ambao miguu hupishana katika njia mbili zilizonyooka, zina magurudumu mapana zaidi, na moja kati ya hayo lina kifaa ndani kinacholizuia lisizunguke kurudi nyuma, ili mtu apate pa kukanyagia anapopanda kilima.

Kifaa hicho ni msaada, lakini pia ni mtego, na hapa ndipo kocha mzuri anapojulikana. Kwenye theluji, skii ya klasiki hushika ardhi kwa sababu mwanaskii ameikandamiza kwa uzito wake wote, kwa wakati unaofaa, hadi nta iliyopakwa katikati ya skii ikagusa theluji. Akichelewa kidogo, au akiacha nusu ya uzito kwenye mguu wa nyuma, skii itateleza kurudi nyuma. Skii ya magurudumu haimwadhibu hivyo, kwa maana gurudumu litashika hata kama amekanyaga ovyo. Kijana anaweza kumaliza majira yote ya mapukutiko akiwa na kasi ya kuridhisha barabarani, kumbe amejijengea mazoea yatakayomwangusha siku ya kwanza ya theluji. Ndiyo maana makocha hupiga video, humtaka mwanafunzi apande kilima kifupi bila fimbo, na humrudisha kwenye suala lile lile la uzito na wakati hadi mwili uzoee.

Wapo pia wanaodhani kwamba skii hizi ni mchezo wa kubarizi usio na hatari. Nyingi hazina breki. Anayeshuka kilima hupunguza mwendo kwa kutanua miguu na kuelekeza ncha za skii ndani, kwa kupiga hatua ndogo ndogo za pembeni au, hali ikiwa mbaya, kwa kuingia kwenye nyasi za kando ya barabara. Kwa sababu hiyo, timu zenye uangalifu huchagua barabara zenye magari machache na hukwepa miteremko mikali inayoishia kwenye njia panda.

Magurudumu si zoezi pekee. Wanaskii hukimbia milimani kwa saa mbili au tatu, na hutembea na kuruka vilimani wakiwa na fimbo mkononi kwa miondoko inayoiga skii, zoezi lililoenezwa na Wanorwei na ambalo hadi leo halijapata mbadala kwa kujenga nguvu za kupanda. Novemba, msimu wa kuwinda kulungu unapofunguliwa katika misitu ya New England, eneo hilo la kaskazini mashariki mwa Marekani, wakimbiaji huvaa rangi ya chungwa inayong’aa ili wasidhaniwe kuwa mawindo. Tena mashindano nayo yapo. Kila majira ya mapukutiko, karibu na mji wa Lake Placid uliowahi kuandaa Olimpiki za 1932 na 1980, hufanyika mbio za skii za magurudumu za kuupanda mlima Whiteface: kilomita 8 hivi za lami, zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8, bila mahali pa kupumzika. Hakuna medali ya NCAA inayotolewa pale, lakini kocha akiangalia muda wa mwanaskii wake na kuulinganisha na wa mwaka uliopita, atajua kama miezi ya kiangazi ilitumika vizuri.

“Anayeumia zaidi ndiye anayejiandaa zaidi”

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayoharibu vijana wengi, na inaenea kwa urahisi kwa sababu ina sura ya bidii. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anawasili chuoni, anakuta wenzake wakubwa wenye majina, na kila asubuhi anataka kuonyesha kwamba anastahili kuwa pale. Safari iliyopangwa kuwa ya taratibu inageuka kuwa mashindano kimya kimya: mmoja anatangulia hatua mbili, mwingine anamfuata, na baada ya nusu saa kundi zima linahema.

Mpango wa mazoezi ya skii za nyika umejengwa kwa namna tofauti kabisa. Mwaka wa mazoezi huhesabiwa kuanzia Mei, na mwanaskii wa chuo hufanya mamia ya saa kabla ya mwaka kwisha, sehemu kubwa zikiwa za mwendo mwepesi. Watafiti waliochunguza mazoezi ya wanamichezo bora wa mbio ndefu, akiwemo Mmarekani Stephen Seiler anayefanya kazi Norway, waliona kwamba takriban vipindi vinane kati ya kumi vilikuwa vya mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza bila kukatika pumzi. Vilivyobaki ndivyo vya kazi ngumu.

Sababu yake iko mwilini. Mwendo mwepesi unaorudiwa kwa miezi huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, huimarisha moyo na kuufundisha mwili kutumia mafuta kama nishati, tena bila kuuchosha kiasi cha kushindwa kufanya kazi kesho yake. Mwendo wa katikati, ule unaoonekana mgumu kidogo kila siku, huchosha karibu kama mwendo mkali lakini hautoi faida yake. Anayeishi katika mwendo huo hufika siku ya mazoezi makali akiwa hana nguvu ya kuyafanya inavyotakiwa.

Ili kulinda mpaka huo, timu nyingi hugawa juhudi katika ngazi tano, kwa kufuata mapigo ya moyo. Katika mazoezi ya vipindi, kwa mfano vipindi vitano vya dakika nane kwenye kilima kirefu, kocha husimama juu na kifaa kidogo, humchoma mwanaskii ncha ya kidole au ndewe ya sikio, na kupima lakteti, kemikali inayoongezeka kwenye damu kadiri misuli inavyofanya kazi ngumu, katika tone la damu. Kipimo cha chini ya milimoli 2 kwa lita ni cha mwendo mwepesi, na kinachokaribia 4 kinaonyesha kwamba mwanaskii yuko kwenye kizingiti, yaani kiwango cha juhudi ambacho juu yake lakteti hulimbikizana haraka, au amekipita. Atakayekutwa na 7 katika kipindi kilichopangwa kuwa cha kizingiti ataambiwa apunguze mwendo, hata kama amewaacha wenzake wote nyuma. Kwa kijana mwenye hamu, kuambiwa apunguze ni jambo gumu kulipokea. Wanaofuatilia riadha ya Kenya hawatashangaa, kwa kuwa wakimbiaji wa Iten wanaojulikana duniani kwa kasi yao huwa na asubuhi za kukimbia polepole kiasi kwamba mgeni anaweza kufuatana nao.

“Skii ni mchezo wa miguu”

Mwaka 2013, Mnorwei Jørgen Aukland alishinda Vasaloppet, mbio za klasiki za kilomita 90 huko Sweden, bila kupaka nta ya kushikia kwenye skii zake. Alisukuma kwa fimbo zote mbili kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na tangu hapo njia hiyo imekuwa ya kawaida katika mbio ndefu za namna hiyo. Msukumo huo hauanzii mikononi kama wengi wanavyofikiri. Mwanaskii huinuka juu ya vidole vya miguu, kisha huushusha mwili wake juu ya fimbo, hivyo kwamba misuli ya tumbo na ya mgongo ndiyo inayobeba kazi kubwa, na mikono humalizia.

Kwa hiyo ukumbi wa vyuma hauwi jambo la ziada Oktoba. Kujivuta kwenye chuma, kujisukuma kwenye nguzo mbili na mazoezi ya kiuno hufanywa mara mbili au tatu kwa wiki, yakilenga nguvu zaidi kuliko ukubwa wa misuli. Faida yake ni kubwa hasa kwa wanawake, ambao kwa miaka mingi walipangiwa mbio fupi kuliko wanaume, hadi Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, liliposawazisha masafa ya Kombe la Dunia kuanzia msimu wa 2022/2023.

“Mwembamba ndiye mwenye kasi”

Hapa naomba msomaji mwenye mtoto au mdogo wake katika mchezo huu asome kwa makini. Kwa kuwa skii za nyika zina vilima vingi, imani imejengeka kwamba kupunguza uzito ni kujipatia kasi ya bure. Mwanafunzi anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku, kisha anakula kidogo kwa makusudi, huenda akaona nafuu kwa wiki chache, na nafuu hiyo ndiyo inayomdanganya. Baadaye mwili huanza kujibana. Mwanamke hukosa hedhi, mifupa hudhoofika na kupata nyufa ndogo, madini ya chuma hushuka kwenye damu, usingizi huharibika, mafua hayaishi, na mwanamume naye hupungukiwa homoni. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliieleza hali hii rasmi kuwa upungufu wa nishati katika michezo, ikisisitiza kwamba inawapata wanaume pia.

Kukosa hedhi si dalili ya mazoezi mazuri, ijapokuwa wapo wanariadha walioambiwa hivyo. Ni sababu ya kumwona daktari mapema. Timu inayojali hupima madini ya chuma mwanzoni mwa majira ya mapukutiko, hukataza mazungumzo ya uzito wa watu mezani, na huhakikisha kuna chakula mkononi dakika chache baada ya kila zoezi, kwa sababu safari ya saa tatu milimani haiwezi kulipwa kwa bakuli la saladi.

“Kocha yuko nao kila saa”

Kanuni za NCAA kwa vyuo vya daraja la kwanza huweka kikomo cha saa 20 kwa wiki za shughuli rasmi wakati wa msimu, saa 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Nje ya msimu saa hupungua hadi 8. Katika baadhi ya vyuo vidogo vya New England, mazoezi rasmi ya michezo ya baridi huanza Novemba, kwa hiyo kabla ya hapo manahodha, wanafunzi wenyewe, ndio wanaokusanya wenzao, kuchagua njia na kuamua nani arudi nyumbani kwa sababu anakohoa. Wakati huo huo kuna mihadhara na mitihani ya katikati ya muhula. Nahodha mwenye busara ana thamani kubwa kwa timu katika miezi hiyo.

“Mtu wa nchi za joto hawezi”

Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Kenya, alikuwa hajaona theluji hadi alipopelekwa Finland mwaka 1996. Miaka miwili baadaye alishindana kwenye Olimpiki za Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10 za klasiki. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi, Mnorwei Bjørn Dæhlie, ambaye alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia. Watu husimulia kukumbatiwa kule na kusahau sehemu iliyofuata: Boit alirudi kwenye Olimpiki za 2002 na za 2006. Pafu na moyo alikuwa navyo tangu Eldoret. Alichokosa ni miaka ya ufundi, na ufundi hufundishika.

“Theluji ya kwanza ikifika, maandalizi yamekwisha”

Siku hizi theluji ya kwanza mara nyingi haisubiriwi ishuke kutoka mbinguni. Canmore, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, na Forêt Montmorency, huko Quebec, huhifadhi theluji ya msimu uliopita kiangazi kizima chini ya vumbi la mbao au vipande vya miti, na kuitandaza Oktoba kuwa njia fupi ya kuzunguka. Timu nyingine huenda West Yellowstone, Montana, wiki ya sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Kosa linalofanyika huko ni lile lile la Septemba, ila sasa lina furaha ndani yake. Kijana aliyengoja miezi saba anataka kwenda kasi, hewa ni nyembamba, na njia ni moja kwa watu wote. Ratiba iliyopangwa vizuri humwekea siku za mwanzo saa nyingi za mwendo mwepesi, fimbo zikiachwa pembeni kwa muda, ili mguu ujifunze upya kusimama juu ya skii moja inayoteleza na kuikandamiza kwa wakati unaofaa, bila gurudumu la kumsaidia. Vipindi vikali hurudi polepole, baada ya mwili kuzoea mwinuko, na mara nyingi zaidi baada ya timu kurejea chuoni kwenye mitihani ya Desemba.