PCOS: sukari ya asubuhi kuwa sawa hakutoshi

Mwenye PCOS, tatizo la homoni na ovari kwa wanawake, akipimwa sukari kabla ya kula, mara nyingi jibu huwa 5.0 au 5.2 mmol/L, akaambiwa yuko salama. Mimi siridhiki na jibu hilo peke yake. Kwa wengi wenye hali hii insulini, homoni inayoshusha sukari, haifanyi kazi inavyopaswa, hivyo kongosho hufidia kwa kutoa nyingi zaidi. Maadamu linamudu, sukari ya asubuhi haipandi. Upungufu huonekana kwanza baada ya kula.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2023 unatanguliza kipimo cha kunywa glukosi, hata kwa mwanamke mwembamba. Siku tatu kabla, kula wali au ugali wako kama kawaida. Ukijinyima wanga, jibu laweza kupanda bila ugonjwa. Kaa bila kula kwa muda wa saa 8 hadi 14, maji ruksa. Baada ya damu ya kwanza, kunywa gramu 75 za glukosi katika mililita 250 hadi 300 za maji ndani ya dakika 5, kisha tulia. Damu ya pili hutolewa baada ya dakika 120. Chini ya 7.8 mmol/L ni sawa, 7.8 hadi 11.0, mwili umeanza kushindwa, 11.1 na kuendelea ni kiwango cha kisukari. Damu isicheleweshwe kupimwa: kwenye chupa ya kawaida chembe huendelea kula sukari, ikashuka kama asilimia 5 hadi 7 kila saa.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, haihitaji kufunga, lakini kanda ya Ziwa Victoria na Pwani, ambako wenye kinasaba cha selimundu ni wengi, yaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Na anayetokwa na hedhi nzito hadi akapungukiwa madini ya chuma, yaweza kusoma juu.

Kipimo cha insulini yenyewe sipendi kukiagiza. Mashine hutofautiana, na chembe nyekundu zikipasuka ndani ya chupa, insulini huharibika. Weusi wa shingoni, trigliseridi (mafuta ya damu) juu ya 1.7 mmol/L na HDL (kolesteroli nzuri) chini ya 1.3 vinanieleza zaidi, tena kwa bei nafuu.

Testosteroni, homoni ya kiume ambayo PCOS huweza kuipandisha, nayo isisomwe bila SHBG, protini inayoibeba. Insulini nyingi hufanya ini litengeneze SHBG kidogo, hivyo testosteroni ya jumla huweza kuwa ya kawaida huku ile iliyo huru ikiwa nyingi. Gawanya testosteroni kwa SHBG, zote kwa nmol/L, zidisha kwa 100, upate kielezo cha ile iliyo huru. Vidonge vya uzazi wa mpango hupandisha SHBG. Kama unaweza kuviacha, tumia kinga nyingine na subiri angalau miezi 3 kabla ya kupima.

Kuna pia bayotini, ile ya kukuza nywele. Katika mashine nyingi hupandisha testosteroni na kushusha TSH, kipimo cha tezi ya shingo, kwa uongo. Miligramu 5 au 10 kwa siku zinatosha kuvuruga majibu. Iache siku 3 kabla ya kutoa damu.